Minyanya Isilale Chini: Mwongozo wa Kuegemeza Nyanya Nzito na Kudhibiti Magugu Bustanini

Mnyanya kwa asili ni mmea wa kutambaa. Shina lake ni la majimaji, na popote linapogusa udongo wenye unyevu huota mizizi. Halikuumbwa lisimame wima huku limebeba kilo tatu za matunda. Sisi ndio tunaotaka lisimame, na sababu tunazo: tunda likilala chini huoza au huliwa na konokono, matone ya mvua hurusha matope yenye vimelea vya magonjwa hadi kwenye majani ya chini, na mmea ulioanguka hufunika magugu kiasi kwamba huwezi kuyang'oa bila kuvunja tawi.

Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Katika bustani nyingi za nyumbani, kuegemeza huonekana ni kazi ya mwezi wa pili baada ya kupandikiza, mmea ukishaanza kuinama, na palizi ni kazi ya Jumamosi, ukipata nafasi. Kumbe ni kazi moja, tena huamuliwa ndani ya wiki tatu za kwanza baada ya kupandikiza. Fito ikichelewa, utaipigilia katikati ya mizizi. Palizi ikichelewa, jembe litaikata mizizi hiyo hiyo. Na katika maeneo ya magharibi mwa Kenya, ambako mnyauko wa bakteria umezagaa udongoni, kila jeraha la mzizi ni mlango wa ugonjwa.

Jua kwanza umepanda nyanya gani

Kuna nyanya fupi na nyanya ndefu, na kila moja huegemezwa kivyake. Cal J na Rio Grande ni fupi: hufika kimo fulani zikaacha kurefuka, kisha huzaa matunda mengi kwa mkupuo. Anna F1 na Money Maker ni ndefu: huendelea kupanda juu na kuzaa kidogo kidogo kwa miezi.

Kama hukumbuki uliuziwa mbegu gani, tazama ncha ya shina mmea ukiwa na wiki sita hivi bustanini. Kwa nyanya fupi, ncha huishia kwenye kishada cha maua. Kwa nyanya ndefu, ncha huendelea kutoa majani mapya, na vishada hutokea ubavuni mwa shina, kimoja kila baada ya majani matatu hivi.

Nyanya fupi zinafaa kusukiwa kamba pande mbili. Nyanya ndefu zinataka waya wa juu, au fito ndefu kila mche. Ukisukia Anna F1 kamba kwenye nguzo za mita moja na nusu, itazipita na kuinamia upande wa pili kabla hujamaliza uchumaji wa pili.

Hesabu ya tuta moja

Chukua tuta la mita 6 kwa mita 1. Lina mistari miwili iliyoachana sentimita 60, na mche hadi mche ni sentimita 50. Hiyo ni miche 12 kwa mstari, 24 kwa tuta. Watu hupenda kubananisha hadi sentimita 30, eti wapate nyingi. Watakachopata ni majani yasiyokauka hadi saa tano asubuhi, na kwa baridi ya Nakuru ugonjwa wa blaiti hauhitaji mwaliko zaidi ya huo.

Mnyanya fupi uliotunzwa vizuri unaweza kubeba kilo 3 kwa wakati mmoja. Mstari wa miche 12 basi unaning'iniza kilo 36, zaidi ya theluthi mbili ya mfuko wa saruji, na hapo hujahesabu majani yaliyolowa mvua. Uzito huo wote huvuta nguzo za mwisho kuelekea ndani. Ndiyo maana nguzo za mwisho ndizo huanguka, na zikianguka zinakwenda na mstari mzima.

Kwa kusuka kamba, tuta hilo linahitaji:

- nguzo 4 za mwisho, nene kama kifundo cha mkono, urefu mita 1.8;
- fito 10 za kati, unene wa sentimita 3 hivi, urefu mita 1.5 (moja kila baada ya miche miwili);
- vigingi 4 na waya mita 8 za kuvutia nguzo za mwisho;
- kamba ya katani mita 180. Kila mzunguko mmoja wa mstari, kwenda na kurudi pamoja na kuzungusha kwenye nguzo, unakula mita 16 hivi. Mizunguko mitano kwa mistari miwili ni mita 160, na mafundo yana sehemu yake.

Fito za kuchukua na za kuacha

Matawi yaliyopogolewa kwenye mti wa siala, ambao Waluhya huuita lusiola, ni fito bora kabisa: yamenyooka, ni magumu, na yako karibu na boma. Mikaratusi michanga inafaa, mianzi inafaa zaidi. Nakuru, mabanzi ya mbao kutoka kwa wapasuaji huwa ya bei nafuu, ila yachongoe ncha moja na usipige yale yenye ufa.

Tithonia, yale maua ya manjano ya kando ya barabara, ni nyepesi na imejaa kila mahali, lakini ikichomekwa mbichi huchipuka na kugombania maji na nyanya. Ikaushe kwanza wiki tatu au nne, na uitumie kwa nyanya fupi pekee. Majani yake usiyatupe: yana naitrojeni nyingi, yakate na kuyachanganya kwenye mboji. Mabua ya mahindi yaache. Husimama vizuri mwezi mmoja, kisha huoza usawa wa ardhi wiki ile ile matunda yanapokuwa mazito.

Mnyaa wa ua usiukate kwa kazi hii. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Na kwa walio Kisumu na vitongoji vyake: ukiona ua limefunikwa na nyuzi za manjano zisizo na majani, usichukue fito hapo. Huo ni mmea nyonyaji, na kipande kidogo cha uzi kinatosha kuuhamishia bustanini.

Mchwa watakula ncha zilizo ardhini, hasa Siaya na Busia. Choma ncha kwenye moto hadi zifanye ngozi nyeusi ya makaa, sentimita 10 zaidi ya sehemu itakayozama. Oili chafu ya gari inafukuza mchwa, ni kweli, lakini huna haja ya kuitia kwenye udongo wa chakula.

Kina cha kuzamisha kinategemea ulipo. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru ni mwepesi. Zamisha nguzo za mwisho sentimita 60. Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga unashika vizuri, sentimita 40 hadi 50 zinatosha. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ndio mtihani: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka na kuiacha nguzo ikicheza kama jino bovu. Hapo chimba shimo pana, shindilia mawe madogo kuzunguka nguzo, na uirudie kuikagua kila kiangazi kinapofungua nyufa.

Magugu hupigwa kabla nyanya hazijaingia

Anza wiki tatu kabla ya kupandikiza. Tumia jembe uma, si jembe la kawaida. Jembe la kawaida hukata mizizi ya sangari vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo ni mche mpya. Uma huiinua ikiwa mizima. Ivute, itikise udongo, ianike juu ya jiwe.

Changanya samadi iliyooza, madebe 2 kwa tuta. Samadi mbichi ni kitalu cha magugu, kwa kuwa mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Lundo lazima lipate joto. Chomeka panga katikati yake, subiri dakika tano, kisha gusa bapa: kama haligusiki kwa starehe, lundo linafanya kazi. Ligeuze mara tatu, wiki mbili kati ya mara moja na nyingine, ili zilizokuwa pembeni nazo ziingie kwenye joto.

Tuta likishasawazishwa, mwagilia maji kana kwamba umepanda, kisha liache siku 10 hadi 14. Magugu yataota kwa wingi. Yakiwa bado nyuzi nyembamba zenye majani mawili, chagua asubuhi ya jua na uyakwangue juu juu, sentimita 2 au 3 tu. Usichimbe. Ukichimba unaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala, na umeanza upya. Ukipata muda, rudia mara ya pili. Kazi hii ya nusu saa inakupunguzia magugu kuliko palizi mbili za baadaye.

Kisumu na Ahero, jua la Januari na Februari linaweza kukusaidia zaidi. Mwagilia tuta, lifunike kwa plastiki angavu isiyo na matobo, fukia kingo zake kwa udongo, uache wiki 4 hadi 6. Joto chini yake huua mbegu nyingi za tabaka la juu na baadhi ya vimelea. Nyanda za baridi kama Njoro au Molo hazipati joto la kutosha kwa njia hii.

Siku ya kupandikiza

Nguzo kwanza, mche baadaye. Simika nguzo zote siku hiyo hiyo, kabla mizizi haijatambaa. Nguzo za mwisho zilaze kidogo kuelekea nje ya mstari, kisha zivute kwa waya hadi kwenye kigingi kilicho umbali wa mita moja. Kamba zitakapojaa uzito, zitazivuta hadi zisimame wima.

Kama unatumia fito moja kwa kila mche, iweke sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye shina, upande unakotokea upepo, ili mmea ukisukumwa uvutwe na kamba badala ya kusuguliwa na fito. Kwa nyanya ndefu fito iwe ya mita 2.1, na sentimita 50 zizame.

Mche ufukie hadi karibu na majani ya kwanza ya kweli. Sehemu ya shina iliyofukiwa itaota mizizi, na mizizi hiyo ni egemeo la bure.

Kusuka kamba, hatua kwa hatua

1. Anza miche ikiwa na kimo cha sentimita 25 hadi 30, wiki ya tatu au ya nne. Usisubiri iiname. Kamba ya kwanza ikae sentimita 20 kutoka ardhini, chini ya kishada cha kwanza.

2. Funga kamba kwenye nguzo ya mwisho. Pita nayo upande mmoja wa miche miwili, fika kwenye fito, izungushe mara moja kamili huku ukiivuta, kisha endelea upande ule ule hadi mwisho wa mstari.

3. Kwenye nguzo ya mwisho izungushe mara mbili, urudi nayo upande wa pili. Sasa miche imebanwa kati ya kamba mbili kama nyama ndani ya chapati.

4. Iguse kamba kwa kidole katikati ya fito mbili. Inapaswa kurudi nyuma sentimita 2 na kuruka. Ikizama zaidi imelegea. Ikikataa kabisa itakata mashina upepo ukija.

5. Ongeza mzunguko mwingine kila sentimita 15 hadi 20, kwa kawaida kila wiki au siku kumi. Ingiza matawi ndani ya kamba, lakini vishada vitoe nje vining'inie.

Kosa linaloangusha mistari mingi ni kuruka hatua ya kuzungusha kwenye fito za kati kwa sababu ya haraka. Kamba inaonekana imekaza, lakini uzito wote umebebwa na nguzo mbili za mwisho, na kamba ikikatika mahali pamoja mstari wote unashuka. Ikizungushwa kila fito, inapokatika unapoteza miche miwili tu. Jambo lingine: katani mpya hulegea siku chache baada ya kufungwa, kwa hiyo pita tena siku ya tatu na uikaze.

Mgongo ukilalamika, pitisha kamba ndani ya kipande cha mwanzi chenye tundu, urefu wa sentimita 60, na uuongoze mwanzi huo kama sindano ya gunia. Utasuka ukiwa umesimama.

Waya wa juu kwa nyanya ndefu

Nguzo tatu kwa mstari wa mita 6, kila moja mita 2.5, sentimita 60 zikiwa ardhini. Juu yake pitisha waya wa mabati wa milimita 2 au 3, ukazwe hadi usiyumbe ukiuning'inizia ndoo ya lita 10 yenye maji. Kila mche upate kamba yake ya mita 2.5.

Chini ya shina funga kitanzi kisichojikaza, kinachopitisha vidole viwili, chini ya jani imara. Shina la leo lenye unene wa penseli litakuwa nene kama kidole gumba, na kitanzi kilichobana kitalinyonga. Kisha zungusha shina kwenye kamba, daima upande mmoja, mzunguko mmoja kila majani mawili au matatu. Fanya hivyo mchana, mmea ukiwa umelegea kidogo. Asubuhi na mapema shina limejaa maji na hukatika kwa sauti kama karoti. Kamwe usipitishe kamba chini ya kikonyo cha kishada, kwa maana tunda likijaa litajikata lenyewe.

Ncha ikifika kwenye waya, katika bustani ya nyumbani ni bora kuikata, ukiacha majani mawili juu ya kishada cha mwisho. Kuushusha mmea na kuulaza pembeni ili uendelee ni kazi ya wenye banda la plastiki na vibarua.

Kitambaa gani, fundo gani

Kwa wanaofunga kwenye fito, vipande vya fulana kuukuu ya mitumba, upana wa sentimita 2 au 3, vinashinda kila kitu. Nailoni nyembamba hukata shina, na waya mtupu usiufikirie. Kamba za mgomba zinafaa zikiloweshwa kwanza, ila hudumu mwezi mmoja na nusu hivi.

Fundo liwe la umbo la nane: kitambaa kizunguke shina, kikatishe katikati, kizunguke fito. Funga kwa nguvu upande wa fito na kwa ulegevu upande wa shina. Lile pindo la katikati ndilo linalozuia shina kusuguana na fito kila upepo wa jioni unapotoka ziwani. Rudia kila sentimita 20 hadi 25.

Machipukizi ya kwapani

Kati ya jani na shina hutokea chipukizi. Kwa nyanya ndefu, yaondoe yote ubaki na shina moja au mawili, na uyaondoe yakiwa mafupi kuliko kidole. Yavunje kwa vidole, asubuhi isiyo na umande, ili kidonda kikauke mapema. Kisu hubeba ugonjwa kutoka mche hadi mche. Mvuta sigara aoshe mikono kwa sabuni kwanza, kwani tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Kwa nyanya fupi, ondoa yaliyo chini ya kishada cha kwanza tu. Ukiendelea juu unajikatia mavuno, kwa sababu matawi hayo ndiyo yanayozaa. Na Kisumu usiwe mkali wa kupunguza majani: tunda lililozoea kivuli likianikwa ghafla kwenye jua la saa nane hupata baka jeupe lililonywea, kisha huoza.

Majani ya chini, hadi sentimita 30 kutoka ardhini, yatoe taratibu baada ya kishada cha kwanza kushika matunda.

Palizi bila kuumiza mizizi

Wiki tano au sita za kwanza ndizo za kupigania. Magugu yakizuiwa hadi hapo, majani ya nyanya yatatia kivuli na kufanya sehemu ya kazi yenyewe.

Palizi ya kwanza ni siku ya 10 hadi 14 baada ya kupandikiza, kwa jembe dogo, juu juu. Ya pili ni wiki ya tatu au ya nne. Hapo vuta udongo kwenye shina uwe kichuguu cha sentimita 10 hadi 15. Unaua magugu, unaongeza mizizi na unaimarisha shina kwa mkono mmoja. Baada ya maua kuanza, jembe lisikaribie shina kwa sentimita 25. Mizizi inayolisha mmea iko karibu na uso wa ardhi, na gugu linaloota hapo ling'oe kwa mkono siku moja baada ya mvua.

Magugu hayafanani, na mengine hayastahili nguvu unazoyapa. Kishona nguo na mchicha pori huota kwa mbegu tu: yakate kabla ya maua, umemaliza. Kayongo, yaani striga, anayetia hofu wakulima wa mahindi na mtama, hashambulii nyanya. Wanne wafuatao ndio wa kuangaliwa.

Ndago. Ukiivuta juu, majani hukatika na kitunguu kinabaki. Chini kuna vitunguu vingine vimeunganishwa kama shanga, na kila kimoja kikitengwa huamka. Iondoe kwa uma pamoja na udongo wake, na utakayoiona baadaye ikate kila wiki mbili bila kukosa, kabla haijapata muda wa kutengeneza vitunguu vipya. Maboksi yaliyotandazwa juu yake hayaizuii, ncha yake hutoboa hata plastiki nyeusi.

Kongwe, lile gugu nyororo la maua ya buluu. Usiliache kwenye mfereji baada ya kuling'oa. Kila kifundo kikigusa unyevu huota tena. Wape sungura au mbuzi.

Lile la majani matatu yenye umbo la moyo. Lina vitunguu vidogo kama punje chini yake, na jembe huvisambaza. Matandazo mazito na subira ndiyo dawa.

La nne ni mgeni anayekaribishwa: mnavu, yaani managu au osuga. Ni mboga, na wengi huuacha katikati ya minyanya wauchume. Lakini ni wa ukoo mmoja na nyanya, pamoja na ndulele na mnanaha wenye matunda ya miba. Hubeba mnyauko wa bakteria, na yule nondo aitwaye Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014, huweza kuishi humo nyanya zikiisha. Panda mnavu wako tuta la mbali.

Dawa za magugu kwa tuta moja au mawili hazina maana. Zaidi ya hapo, jihadhari na za jirani: dawa ya 2,4-D ikinyunyizwa kwenye mahindi, ngano au miwa siku ya upepo hupeperuka, na majani ya nyanya hujikunja yakawa membamba kama vidole vya mzee. Bomba lililowahi kubeba dawa hiyo lisitumike kwenye nyanya hata likioshwa.

Matandazo

Yaweke baada ya palizi ya pili, udongo ukiwa na unyevu na kichuguu kikiwa tayari. Ukiyaweka kwenye udongo mkavu, mvua ndogo huishia juu yake na mizizi haipati kitu.

Nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu zinafaa. Mabua ya mpunga yanapatikana Ahero, ya ngano yapo Njoro, na makapi ya miwa ukanda wa Muhoroni na Chemelil. Makapi ya miwa yabaki juu. Ukiyachanganya na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya nyanya naitrojeni na majani hugeuka manjano. Gugumaji la ziwani litumike likiwa limekauka hadi livunjike mkononi.

Unene uwe sentimita 8 hadi 10. Pungufu ya 5 ni mapambo. Tuta letu litakula magunia 5 hivi, yale ya mahindi ya kilo 90, yakiwa yameshindiliwa. Acha duara tupu la sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina, maana unyevu uliokaa hapo huozesha gome na kuficha konokono. Faida nyingine ni kwamba unyevu wa udongo haupandi na kushuka, na kupanda na kushuka huko ndiko husababisha matunda kuoza kitako na kupasuka. Penye mchwa wengi, tandaza safu nyembamba mara kwa mara, na usiguse shina.

Umekuta umeshaanguka

Mvua ya usiku imepita na mstari umelala. Usiuinue wote asubuhi hiyo hiyo. Shina lililolowa limejaa maji na hukatika. Subiri hadi saa sita, likiwa limelegea.

Chuma kwanza matunda yaliyoanza kubadilika rangi. Yataivia ndani ya nyumba, na uzito utapungua. Kisha inua nusu ya kimo, funga, na umalizie baada ya siku mbili. Shina likiwa limelala zaidi ya wiki moja, kagua upande wa chini: kama limeota mizizi, liache sehemu hiyo ilale, ifukie kwa udongo, na uinue ncha peke yake.

Shina lililopindika lakini gome halijakatika linaweza kupona. Linyooshe, lifunge kijiti kila upande kama mguu uliovunjika, lizungushie kitambaa, na ulitie kivuli siku tatu. Kishada kizito kibebe kwa teo: kipande cha kitambaa kipite chini yake, ncha mbili zifungwe kwenye fito.

Lakini mche ukinyauka majani yakiwa bado ya kijani, wakati udongo una maji, usihangaike kuuegemeza. Kata shina karibu na ardhi na utumbukize kipande ndani ya gilasi ya maji safi, bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kuteremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Ng'oa mche na udongo wa mizizi yake, uchome, na usipande nyanya, viazi, pilipili, biringanya wala mnavu hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Fito za tuta hilo zichome pia.

Fito za matuta yasiyo na ugonjwa zing'oe mara tu uchumaji wa mwisho unapoisha, kabla mchwa hawajazizoea. Zikwangue udongo, zianike juani wiki moja, kisha zihifadhi zikiwa zimesimama chini ya ukingo wa paa. Kamba ya katani ichome. Vimelea vya magonjwa hujificha kwenye nyuzi zake.